Je, Wajua? Ndovu Wasio na Pembe, Samaki wa Mwalimu na Dawa Iliyofufuka

Charles Darwin alipochapisha kitabu chake maarufu mwaka 1859, aliamini kwamba viumbe hubadilika taratibu mno, kiasi kwamba hakuna mtu atakayeishi muda wa kutosha kuyaona mabadiliko yenyewe yakitokea. Hapo mzee alikosea. Uteuzi asilia umeshuhudiwa ukifanya kazi ndani ya miaka ishirini, ndani ya kumi, hata ndani ya kiangazi kimoja. Kanuni yake ni fupi: viumbe wa aina moja hawafanani, baadhi ya tofauti zao hurithiwa, na wenye tofauti zinazowafaa mahali walipo huacha watoto wengi kuliko wenzao. Basi. Vituko vyote vinavyofuata vimezaliwa na kanuni hiyo, isipokuwa kimoja.

Vita vilipita, pembe zikapungua

Katika Mbuga ya Gorongosa, Msumbiji, nusu nzima ya ndovu majike walionusurika vita vya mwaka 1977 hadi 1992 hawakuwa na pembe. Kabla ya vita, majike wa namna hiyo hawakufika hata mmoja katika kila watano. Wapiganaji wa pande zote waliwaua ndovu kwa ajili ya nyama na pembe, na pembe zikageuzwa fedha za kuendeshea vita. Kati ya ndovu zaidi ya 2,500 waliohesabiwa mwaka 1972, walibaki wapatao 240 ilipofika mwaka 2000.

Usidhani kwamba ndovu waliamua kuacha kuota pembe. Jike asiye na pembe alikuwepo tangu zamani. Risasi zilimruka tu kwa sababu hakuwa na cha kuporwa, naye akaendelea kuzaa. Kati ya majike waliozaliwa baada ya vita, theluthi moja hawana pembe. Sasa sikia la ajabu zaidi: utafiti uliotolewa mwaka 2021 unaonesha kwamba jeni inayohusika imekaa kwenye kromosomu X, na yaelekea dume anayeirithi hufia tumboni mwa mama yake. Ndiyo maana watoto wa majike wasio na pembe, takriban theluthi mbili, ni majike vilevile.

Ziwa changa, samaki aina 500

Ziwa Victoria, lile kubwa kuliko yote barani Afrika, liliwahi kukauka. Lilijaa tena miaka ipatayo 15,000 tu iliyopita. Katika muda huo walitokea humo samaki waitwao furu, wa aina zinazokadiriwa kufika 500, na karibu wote hawapatikani kwingine kokote duniani. Sisi binadamu, kwa muda huohuo, tumebaki aina moja.

Wamo furu wanaokwangua mwani kwenye mawe, wamo wanaovunja konokono kwa meno yaliyo kooni, wamo wala wadudu na wala samaki wenzao. Wamo hata majambazi wanaomvizia mama anayelea mayai na vifaranga mdomoni mwake, wakampora na kuwameza wanawe. Kasi yote hiyo ilitoka wapi? Vinasaba vyao vinasema kwamba mababu wa furu walikuwa machotara: koo mbili za samaki, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa mto Nile, zilikutana na kuzaana kabla ziwa la leo halijajaa. Uteuzi asilia haukuhitaji kungoja jeni mpya zizuke moja moja. Ulikuta ghala limejaa.

Samaki wa Mwalimu

Mmoja wa furu hao anaitwa kitaalamu Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Alipewa jina la nyererei mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, na anaishi kwenye kina ambako mwanga unaofika una wekundu mwingi. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, dume lake lina rangi ya samawati na hukaa juu zaidi, penye mwanga mweupe. Macho nayo yametofautiana: jeni ya kuonea rangi nyekundu si sawa kwa hawa wawili. Jike wa kila upande humchagua dume ambaye macho yake yanamwona vizuri, na kwa uchaguzi huo tu koo mbili zinabaki mbili.

Sasa chafua maji. Ziwa linapojaa tope na mwani, rangi hazionekani, jike hajui nani ni nani, na aina mbili zinaanza kurudi kuwa moja. Watafiti waliliona hilo likitokea maeneo ya Mwanza miaka ya 1990. Mimi hapo ndipo ninaposhangaa zaidi: mbolea inayotoka shambani inaweza kufuta mpaka kati ya aina mbili za samaki bila kumuua hata mmoja.

Wa kuua alikuwa sangara. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na aina za furu zinazokadiriwa kuwa 200 zikatoweka. Baadhi ya walionusurika hawako kama walivyokuwa. Kuna furu mmoja mdogo wa ghuba ya Mwanza ambaye matamvua yake yamekuwa makubwa kuliko ya vielelezo vilivyohifadhiwa tangu miaka ya 1970, na sababu inayotajwa ni kwamba hewa ya oksijeni imepungua majini. Miaka ishirini na kitu ilitosha.

Mwizi wa magamba hushambulia upande mmoja tu

Ziwa Tanganyika lina samaki anayeitwa Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki walio hai. Mdomo wake umepinda. Wapo waliopinda kulia, hao humvizia samaki kwa nyuma na kumng'ata ubavu wa kushoto. Waliopinda kushoto hung'ata ubavu wa kulia.

Michio Hori wa Japani aliwafuatilia kwa miaka mingi na kutangaza mwaka 1993 kwamba pande mbili hizo hukaa karibu nusu kwa nusu. Wa kulia wakizidi, samaki wanaoibiwa huanza kuulinda zaidi ubavu wa kushoto, na hapo wa kushoto ndio wanaoshiba na kuzaa. Miaka michache baadaye wao ndio wamezidi, na mzani unageuka tena. Kuwa wachache ndiyo faida yenyewe.

Maziwa yalivumbuliwa mara kadhaa, ndani ya damu

Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hawawezi kusaga vizuri sukari ya maziwa. Karibu wanyama wote wanaonyonya hupunguza sana kutengeneza kimeng'enya cha kazi hiyo wakishaachishwa ziwa, na kwa binadamu hiyo ndiyo hali ya kawaida. Anayekunywa nusu lita ya maziwa bila tumbo kuunguruma ndiye mgeni.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470. Waliwanywesha sukari ya maziwa iliyochanganywa na maji, kisha wakapima damu waone kama imesagwa. Wakakuta kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe ya jeni, tofauti kabisa na yale ya Wazungu, yaliyoenea ndani ya miaka isiyozidi 7,000 hivi. Badiliko jingine, ambalo limeenea hasa Uarabuni, linahusishwa na maziwa ya ngamia. Tabia ileile ya kufuga iliwafikisha watu mbalimbali mahali pamoja, kila mmoja kwa njia yake.

Jeni ya ugonjwa iliyofuata ramani ya mbu

Tony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alizunguka nchini mwaka 1949 akipima damu za watu, akagundua jambo lililomkosesha usingizi. Karibu na pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa na jeni moja ya ugonjwa wa selimundu. Nyanda za juu, chini ya mmoja katika mia. Kwa nini jeni inayoua watoto iwe nyingi namna hiyo, tena pwani na ziwani?

Jibu lake, alilolitoa mwaka 1954, lilikuwa malaria. Mtoto mwenye jeni mbili za selimundu anaugua vibaya. Mwenye jeni moja huwa mzima kwa kawaida, na malaria kali humwogopa. Penye mbu wengi, mwenye jeni moja ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko hata asiye nayo kabisa, ndiyo maana jeni haiishi. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kutoa mtoto mgonjwa. Uteuzi asilia hauna huruma na hauna mpango. Unahesabu waliobaki hai tu.

Dawa iliyokufa ikafufuka

Waliokuwepo zama za klorokwini wanaikumbuka kwa mambo mawili: uchungu wake na mwili kuwasha usiku kucha. Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshakuwa sugu. Malawi ilitangulia, mwaka 1993.

Kisha likatokea lisilotarajiwa. Mwaka 1992, vimelea vyenye jeni ya usugu nchini Malawi vilikuwa asilimia 85. Mwaka 2000 vilikuwa asilimia 13. Watafiti wakathubutu kuwapa watoto klorokwini tena, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, kati ya watoto 80, 79 walipona. Inaonekana kimelea sugu hulipia usugu wake: dawa ikiwepo yeye ndiye bingwa, dawa ikiondoka anashindwa mbio na wenzake wa kawaida. Madaktari hawakukimbilia kuirudisha peke yake, na walifanya vizuri, maana mchezo ungeanza upya.

Nusu milimita ya mdomo

Kwenye kisiwa kidogo cha Daphne Major, katika visiwa vya Galápagos, Peter na Rosemary Grant walianza mwaka 1973 kuwapima ndege mmoja mmoja. Mwaka 1977 mvua ikakataa. Mbegu ndogo laini zikaisha, zikabaki mbegu ngumu zenye miiba za mmea wa jamii ya mbigili, ndugu wa ile inayotoboa matairi ya baiskeli zetu. Ndege mwenye mdomo wa milimita 11 aliweza kuipasua. Wa milimita 10.5 alihangaika bure. Wengi sana walikufa. Kizazi kilichofuata kilikuwa na midomo minene zaidi, wastani wa kama asilimia 4. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1983, mbegu ndogo zikajaa kisiwani, na midomo ikaanza kupungua tena.

Simba wa Ngorongoro na mababu 15

Hiki ndicho kile kimoja nilichokitenga, maana hapa kilichotawala ni bahati. Mwaka 1962 nzi wanaouma walifurika ndani ya bonde la Ngorongoro, wakawadhoofisha simba hadi wakabaki wapatao kumi, na dume mmoja tu kati yao. Madume saba waliingia kutoka nje miaka michache baadaye, kisha mlango ukawa kama umefungwa. Simba wakaongezeka hadi kufika mia moja hivi, lakini wataalamu waliofuatilia nasaba walikuta kwamba wote walitokana na waanzilishi 15. Jeni nyingine zilipotea wakati ule bila kuwa mbaya. Wenye nazo waliumwa na nzi tu.

Mbayuwayu na barabara

Katika jimbo la Nebraska, Marekani, mbayuwayu wanaojenga viota chini ya madaraja walihesabiwa kwa miaka 30. Idadi yao iliongezeka, ila waliogongwa na magari walipungua mwaka hadi mwaka. Waliokufa barabarani walikuwa na mabawa marefu kuliko waliobaki. Bawa fupi humwezesha ndege kupaa ghafla na kukata kona.

Chupa 12, vizazi 75,000

Tarehe 24 Februari 1988, Richard Lenski aliweka bakteria wa ukoo mmoja kwenye chupa 12, akaanza kuwahamishia kwenye chakula kipya kila siku. Kazi hiyo inaendelea, na vizazi vimepita 75,000. Kwa binadamu, ukihesabu miaka 25 kwa kizazi, hiyo ni karibu miaka milioni mbili. Kila baada ya vizazi 500 baadhi hugandishwa kwenye friza, na wanaweza kuzinduliwa wakapambanishwa na wajukuu wao.

Baada ya vizazi zaidi ya 31,000, chupa moja ilichafuka ghafla kwa wingi wa bakteria. Walikuwa wameanza kula sitrati, kitu kilichokuwemo chupani miaka yote bila bakteria hao kuweza kukila penye oksijeni. Watafiti wakarudi kwenye friza kuona kama jambo hilo lingejirudia. Bakteria wa vizazi vya mwanzo hawakufaulu; waliofaulu ni wa kuanzia kizazi cha 20,000 hivi, ambao tayari walikuwa wamebeba mabadiliko mengine yaliyofungua njia. Chupa nyingine 11 hazijaweza mpaka leo.