Ukienda Kariakoo kufuata mzigo, pitia na Kijiji cha Makumbusho

Muuzaji mwenzangu, nikwambie kilichonipata. Niliposti nyungo za hapa Kate nikaandika "bidhaa za asili, bei poa". Dada mmoja wa Dar akaniuliza: zimesukwa na nani, kwa kitu gani, ni za kupepetea au za kutundika ukutani? Nikabaki naandika nafuta. Akaaga kwa heshima, oda ya nyungo sita ikapotea.

Safari iliyofuata ya mzigo nikatenga nusu siku. Kijiji cha Makumbusho kipo Barabara ya Bagamoyo, ukishuka stendi ya Makumbusho ni jirani tu. Kipo tangu miaka ya 1960. Ndani kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na vyombo vimewekwa pale vinapotumika. Hapo ndipo nilipofunguka macho: chungu kipo jikoni, hakipo kwenye rafu, kwa hiyo huhitaji kuuliza kina kazi gani. Ile ndiyo picha inayouza! Mimi nyungo zangu nilikuwa nazipiga juu ya godoro.

Niliporudi nikaenda kwa mama anayenisukia, nikakaa naye asubuhi nzima. Sasa naandika hivi: "Ungo wa mwanzi, umesukwa Kate, Nkasi. Mwanzi anauchana mwenyewe kwa kisu. Hapa tunapepetea ulezi. Ukitaka wa kutundika sema, nitakuchagulia." Maswali yamepungua, na wanaouliza wengi wananunua.

Ukiwa makumbusho uliza kwanza kabla ya kupiga picha, hasa kama ni za biashara. Na usipige picha kitu chao ukakiposti kama chako, mteja akipokea kingine umekwisha.

Jingine, na hili linatuhusu sisi wa Ufipa. Yale matanuru marefu ya udongo waliyoyeyushia chuma wazee wetu, malungu, mengine bado yamesimama mashambani. Kuna watu wanaokota vipande vyake wapate cha kuuza. Usithubutu, hata mteja akupandie bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuuza vitu hivyo bila kibali. Piga picha na mafundi wako hapo pembeni, ukiwa umeomba ruhusa kwa mwenye shamba, kisha uza walichosuka wao.