Ubani na maradhi ya sonona: Sayansi yasemaje?

Katika mtaa wa Aija, unaotazamana na mji wa Sur nchini Oman ng'ambo ya hori, chetezo ni chombo cha nyumbani kama ilivyo Unguja na Mombasa. Mtu akiwa mnyonge, hali wala halali, wazee humfukiza ubani wakisema kuwa moshi wake hutuliza moyo. Je, kauli hiyo ina ukweli?

Mwaka 2008 watafiti wa Israel na Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la FASEB. Walitenga kemikali moja ya ubani, iitwayo insensoli asetati, wakawadunga panya. Panya hao walipungukiwa na woga, na walipotiwa majini hawakukata tamaa upesi. Kemikali hiyo iliamsha ubongoni protini iitwayo TRPV3, ambayo kwenye ngozi husaidia kuhisi joto. Panya waliozaliwa bila protini hiyo hawakupata nafuu yoyote.

Wachina nao wanaujua ubani, wakiuita ruxiang, ila wao huutumia zaidi kwa maumivu na uvimbe. Kwa moyo mzito wana mchanganyiko wa mitishamba uitwao xiaoyao san, uliokwishaandikwa vitabuni tangu enzi ya Song. Wataalamu wanachunguza iwapo mchanganyiko huo hugusa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, lakini majaribio mengi kwa binadamu yamekuwa madogo.

Hata hivyo, panya si binadamu, na sindano ya maabara si moshi wa chetezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 332 wana sonona, nayo ni maradhi yanayotibika. Hatari haimo katika ubani wenyewe, ingawa moshi humdhuru mwenye pumu. Hatari ni kumfungia mgonjwa ndani kwa kuona haya, akafukizwa miezi na miezi huku hali ikizidi kuwa mbaya.

Kwa hiyo chetezo kibaki sebuleni, na mgonjwa apelekwe hospitali. Muscat kuna Al Masarra, na Unguja kuna Kidongo Chekundu. Mwenye kunywa dawa za sonona asiziache ghafla, na amweleze daktari mitishamba yote anayotumia, kwani mingine hugongana na dawa hizo. Na yeyote anayetamka kuwa amechoka kuishi asiachwe peke yake, hata usiku mmoja.