Jeep ya vita haijulikani kwa rangi yake

Na Mwandishi Wetu

GARI dogo lisilo na milango, lililopakwa rangi ya kijani ya jeshi na kuchorwa nyota nyeupe kwenye boneti, hupita machoni pa wengi kuwa ni Jeep ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa mnunuzi anayetaka kutoa fedha zake, nyota hiyo si ushahidi wa jambo lolote. Rangi hupakwa kwa siku moja na nyota huchorwa kwa dakika chache.

Jeep halisi iliyokarabatiwa vizuri huuzwa Marekani na Ulaya kwa makumi ya maelfu ya dola. Gari la kiraia lililoundwa baada ya vita, ambalo kwa mbali linafanana nalo kama pacha, huwa na bei ya chini. Katika pengo hilo la bei ndimo wanamoishi madalali wasio waaminifu, na ndiyo sababu wawindaji wa magari ya vita hujifunza kusoma chuma kabla ya kusoma tangazo la mauzo.

Historia ya gari lenyewe inasaidia kueleza ugumu wa kazi hiyo. Mwaka 1940 Jeshi la Marekani liliitisha zabuni ya gari jepesi la upelelezi lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Kampuni ndogo ya Bantam, ya mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, ilitengeneza gari la kwanza kwa siku 49 na kulikabidhi katika kambi ya Holabird, Maryland, Septemba 23, 1940.

Jeshi lilipendezwa na gari hilo, lakini lilitilia shaka uwezo wa Bantam wa kuyaunda kwa wingi. Michoro ikapelekwa kwa washindani wake wawili, Willys-Overland na Ford. Bantam, aliyezaa wazo, aliishia kuunda magari yapatayo 2,600 tu na baadaye akabaki akitengeneza matrela. Willys aliunda takriban magari 360,000 ya aina ya MB, na Ford aliunda takriban 280,000 ya aina ya GPW kwa kufuata michoro ya Willys.

Hapa panafaa kusahihisha jambo moja linalorudiwa kila mara. Wengi huamini kuwa herufi GP zilimaanisha gari la matumizi yote. Katika utaratibu wa Ford, G ilisimama badala ya kazi ya serikali, P ilionyesha gari lenye urefu wa inchi 80 kati ya ekseli na ekseli, na W ilikuwa alama ya mchoro wa Willys.

Herufi F kwenye bolti

Kwa kuwa magari hayo mawili yalitakiwa kubadilishana spea vitani, tofauti zake ni ndogo na nyingi zimejificha. Fundi anayeijua kazi huinama kwanza mbele ya gari na kutazama chuma kinachounganisha reli mbili za chesisi chini ya rejeta. Kikiwa ni bomba la mviringo, chesisi hiyo ni ya Willys. Kikiwa na umbo la herufi U iliyopinduliwa, ni ya Ford.

Kisha huangalia vichwa vya bolti. Ford ilipiga chapa ya herufi F kwenye sehemu nyingi mno za gari lake, kuanzia mabano ya chuma hadi bolti zenyewe. Kuna watu wanaotumia miaka kadhaa kukusanya bolti za F ili kukamilisha gari moja. Msomaji anaweza kucheka, lakini wenye bidii hiyo ndio ambao magari yao huaminika sokoni.

Ushahidi mzito zaidi ni namba. Willys aliweka kibati kidogo kilichopigwa ribiti upande wa ndani wa reli ya kushoto ya chesisi, nyuma ya bampa ya mbele, na namba zake zilianzia 100001. Ford aligonga namba moja kwa moja juu ya reli ya kushoto, akianzia namba 1. Kibati cha Willys huanguka au hung'olewa, ilhali namba ya Ford hujificha chini ya kutu na matabaka ya rangi. Muuzaji anayeonyesha kibati cha Willys juu ya chesisi yenye chuma cha umbo la U ana maswali ya kujibu.

Vibati vya dashibodi, vinavyotaja aina ya gari, namba yake na tarehe ya kukabidhiwa jeshini, havina nguvu kama wengi wanavyodhani. Vibati vipya vinavyofanana na vya zamani huuzwa waziwazi kwa ajili ya ukarabati, vikiwa vitupu, na mwenye gari hugonga tarehe aipendayo. Juni 1944 ni tarehe inayopendwa kupita kiasi, kwa kuwa ndio mwezi ambao majeshi ya washirika yalitua Normandy.

Njia ya haraka ya kulitenga gari la kiraia ni kuhesabu matundu ya shoo ya mbele. Willys za mwanzo, takriban 25,000, zilikuwa na shoo ya vyuma vyembamba vilivyochomelewa. Baadaye ikatumika shoo ya bati iliyobuniwa na Ford, yenye matundu marefu tisa. Jeep ya kiraia ya CJ-2A, iliyoanza kuundwa mwaka 1945, ina matundu saba, taa kubwa zaidi na mlango wa kushusha nyuma. M38 ya mwaka 1950, ingawa ni ya jeshi, nayo ina saba.

Hata hesabu hiyo ina mtego. Kampuni ya Hotchkiss ya Ufaransa iliunda zaidi ya magari 27,000 ya aina ya M201 kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo, na uundaji ukaendelea hadi mwaka 1966. M201 ina matundu tisa na sura ya Willys. Mengi ya magari hayo hutumia umeme wa volti 24, wakati Jeep ya vita ilitumia volti 6. Yamevishwa nyota nyeupe na kuonekana katika sherehe nyingi za kumbukumbu ya vita, na watazamaji hawakujua.

Gari lililochanganywa si la kughushi

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, baadhi ya wakusanyaji wamekuwa wakali kupita kiasi katika suala la uasilia. Jeshi lenyewe halikujali kama injini ya Ford imeingia katika chesisi ya Willys. Karakana za jeshi zilifungua magari kwa makundi, zikafunga upya sehemu zilizo nzima, na gari likarudi kazini na viungo vya magari matatu au manne. Aidha, kuanzia mwaka 1944 kampuni zote mbili zilitumia bodi kutoka mtengenezaji mmoja wa Connersville, Indiana, hivyo bodi pekee haitoshi kuyatofautisha magari ya kipindi hicho.

Gari la namna hiyo lina historia, japo halina usafi wa ukoo. La kughushi ni lile ambalo namba yake imesagwa kwa mashine na kugongwa nyingine. Leo hii inawezekana kujenga Jeep nzima kutokana na sehemu mpya, bodi ikitoka viwandani Ufilipino, kisha ikabandikwa kibati cha mwaka 1942. Hakuna ubaya katika kujenga gari hilo. Ubaya huanza pale linapouzwa kwa jina ambalo si lake.

Ndiyo maana mwindaji mzoefu hufurahi akikuta gari chakavu ambalo halijaguswa. Kwa msasa laini na maji huondoa rangi ya boneti tabaka kwa tabaka: rangi aliyopaka mkulima, rangi ya jeshi lililolirithi gari, hadi kufikia kijani cha kwanza. Hapo hutokeza namba ya usajili ya jeshi, ambayo kwa Jeep huanza na tarakimu 20. Kwenye bampa huweza kuonekana alama za kikosi. Mtu aliyelipeleka gari kama hilo moja kwa moja kwa fundi wa kupuliza mchanga amefuta katika saa moja kumbukumbu iliyodumu kwa miaka themanini.

Pikipiki ni mtihani mgumu zaidi

Kwa upande wa pikipiki, Harley-Davidson WLA ya Jeshi la Marekani ndiyo inayotafutwa sana na ndiyo inayoghushiwa kwa urahisi. Fremu za Harley za enzi hizo hazikupigwa namba, namba ilikuwa kwenye injini peke yake. Zaidi ya hayo, pikipiki zilizoundwa kuanzia mwaka 1942 hadi mwisho wa vita zote ziliandikwa 42WLA. Anayedai kuwa tarakimu 42 zinathibitisha pikipiki yake iliundwa mwaka 1942 ama hajui, ama anajua sana.

Pikipiki za Uingereza zina utaratibu ulio wazi zaidi. BSA M20, iliyoundwa kwa idadi ya takriban 126,000, ina namba kwenye injini na kwenye fremu, na zile za vita hutanguliwa na WM20. Norton 16H na Matchless G3L nazo ziliundwa kwa makumi ya maelfu.

Udanganyifu mkubwa uko katika pikipiki za Ujerumani zenye kigari cha pembeni. BMW R75 ziliundwa chache, kati ya mwaka 1941 na 1944, na bei yake iko juu mno. Warusi kwa upande wao walinakili BMW ya aina nyingine, R71, wakaiita M-72, nao Wachina wakaunda Chang Jiang 750 kutokana na ukoo huohuo. Pikipiki hizo, zikipakwa rangi ya kijivu na kuchorwa misalaba ya jeshi la Ujerumani, zimewaliza wanunuzi wengi.

Mtu asiye fundi anaweza kuzitofautisha kwa kutazama silinda. R75 ina valvu za juu, hivyo mwisho wa kila silinda kuna kifuniko cha valvu. M-72 ina valvu za ubavuni na kichwa bapa cha silinda. R75 ina gia ya kurudi nyuma, na gurudumu la kigari chake linaendeshwa na injini. Nyuma haina springi, ilhali M-72 inazo.

Zinakopatikana

Kuna hadithi ya kale kwamba mahali fulani yako makontena yenye Jeep mpya zilizofungwa ndani ya masanduku ya mbao, zikiuzwa dola 50 kila moja. Ni kweli kwamba Jeep zilisafirishwa nje zikiwa zimefunguliwa na kufungwa katika masanduku. Matangazo ya dola 50 pia yalikuwapo katika majarida ya Marekani kwa miaka mingi baada ya vita. Kilichouzwa mara nyingi kilikuwa ni maelezo ya namna ya kushiriki minada ya serikali.

Magari halisi hutoka kwenye mabanda ya wakulima, kwa kuwa baada ya vita wao ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa mali za jeshi. Nchini Ufilipino Jeep zilizoachwa zilirefushwa zikawa mabasi madogo ya mijini, jeepney. Chini ya Bahari ya Shamu, meli ya Uingereza ya Thistlegorm, iliyozamishwa na ndege za Ujerumani Oktoba 1941 baada ya kuzunguka Afrika kupitia Cape Town, bado imebeba malori ya Bedford na safu za pikipiki za BSA, Norton na Matchless. Wapiga mbizi wameng'oa vipande vingi vya pikipiki hizo kama kumbukumbu, jambo ambalo limeiharibu shehena hiyo bila kumfaidi yeyote.

Afrika Mashariki nayo imo katika ramani hiyo. Mwaka 1941 misafara ya malori ilitoka Kenya ikaingia Somalia na kufika Addis Ababa, ikiwa na askari wa King's African Rifles. Baada ya vita, mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947 ulitumia trekta zilizonunuliwa kutoka mabaki ya jeshi nchini Ufilipino, pamoja na trekta zilizoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Mpango ulikufa mwaka 1951. Mengi ya machuma ya aina hiyo duniani yameishia kuyeyushwa, na pengine msomaji amepikia sufuria iliyotokana nayo.

Hatari na sheria

Kuwinda magari haya si mchezo usio na madhara. Saa za dashibodi za baadhi ya magari zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu, ambayo ni hatari ikikwanguliwa na kuvutwa puani. Breki za zamani zina asbesto. Gari linalotolewa ziwani au msituni Ulaya linaweza kuwa na risasi na mabomu ambayo hayajalipuka, na kazi hiyo ni ya wataalamu wa jeshi.

Kwa magari ya deraya, sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi. Julai 2015 polisi wa Ujerumani walikuta kifaru cha aina ya Panther chini ya nyumba ya mzee mmoja katika mji wa Heikendorf, karibu na Kiel. Jeshi lililazimika kutumia saa nyingi kukitoa. Mwaka 2021 mahakama ilimhukumu kifungo cha nje na kumtoza euro 250,000, na kumtaka akiuze au akitoe kifaru hicho katika muda wa miaka miwili.