Uvimbe Ukishuka, Vidonge Visiachwe

Ndugu msomaji, miongoni mwa maradhi yanayozidanganya familia, ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi hauna budi kutajwa. Mgonjwa hufikishwa hospitali akihema, miguu imevimba, usiku hapati usingizi ila kwa kuegemea mito. Baada ya siku chache za matibabu uvimbe hushuka, naye hurudi nyumbani akijiona mzima. Aghalabu hapo ndipo vidonge vinapoachwa, na hapo ndipo hatari inapoanza upya.

Neno "kushindwa" halina maana kwamba moyo umesimama. Umedhoofu, hausukumi damu ya kuutosha mwili. Figo, zikipokea damu haba, hufanya kana kwamba mwili umekaukiwa, zikazuia maji na chumvi. Mishipa nayo hujikaza, mapigo yakaenda mbio. Mfano wake ni msukuma mkokoteni aliyechoka mlimani, ambaye kila akisita huongezewa gunia na kuhimizwa akaze mwendo.

Kwa mfano huo utaielewa kazi ya dawa. Dawa za kukojoza, kama furosemidi, hutoa maji yaliyozidi, nazo ndizo zimpazo mgonjwa nafuu ya haraka. Lakini dawa zilizothibitika kurefusha maisha ni nyingine, na huenda mgonjwa asihisi kazi yake kwa majuma mengi.

Enalaprili hulegeza mishipa. Mwaka 1987 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 253 mahututi wa Norway, Sweden na Finland. Katika miezi 6, kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 44 walifariki; kati ya waliopewa enalaprili, 26. Mwaka 1999 spironolaktoni kwa kipimo kidogo ilionekana kupunguza vifo kwa asilimia 30. Mwaka 2001 karvedilolo, inayotuliza mapigo, iliwapunguzia wagonjwa wenye hali mbaya hatari ya kufa kwa asilimia 35. Mwaka 2019 dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari, ilithibitika kuwafaa hata wasio na kisukari. Leo, kwa moyo uliopungukiwa nguvu za kusukuma, madaktari hulenga kuziunganisha dawa za aina hizi nne, wakianza na vipimo vidogo na kuviongeza taratibu.

Kila dawa ina taabu zake. Karvedilolo huweza kumchosha mgonjwa mwanzoni. Enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu, tena haifai kwa mama mjamzito. Spironolaktoni huweza kupandisha madini ya potasiamu katika damu, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Taabu hizo zielezwe kwa daktari, ambaye aweza kubadili dawa au kipimo. Mgonjwa asijikatie shauri mwenyewe.

Wala wasidhani vijana kwamba haya ni maradhi ya wazee pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha wastani wa umri wa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Huo ni umri wa mtu aliye kazini, mwenye watoto shuleni.

Basi familia ina wajibu wake. Mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku 3, apelekwe kliniki bila kungoja miguu ivimbe. Chumvi ipunguzwe katika chungu cha nyumba nzima. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe ovyo, kwani huzuia maji mwilini na kuzidhuru figo.

Fedha zikipungua, msione haya kumwambia daktari. Enalaprili, karvedilolo na spironolaktoni ni dawa za siku nyingi, zinazotengenezwa na viwanda vingi, na aghalabu bei yake ni nafuu kuliko ya dawa mpya. Ni heri daktari apange upya kuliko mgonjwa kumeza leo na kuruka kesho.

Ndugu msomaji, ukimwona mzazi au mwenzako amepata nafuu, shukuru. Kisha hakikisha kidonge cha kesho kipo.