Aikoni na njia za mkato katika KiCad

KiCad ni programu huria ya kompyuta inayotumika kuchora saketi za elektroniki na kusanifu bodi zake. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa. Amri zake nyingi hutolewa kwa kubofya aikoni au kwa kubonyeza kitufe cha kibodi.

Aikoni

Aikoni ni picha ndogo inayowakilisha amri. Humfaa hasa anayeanza kujifunza, kwa kuwa akiweka kipanya juu yake jina la amri hutokea. Toleo la 6, lililotolewa Desemba 2021, lilileta aikoni mpya, zikiwemo zinazoonekana vizuri kwenye dirisha la rangi nyeusi.

Njia za mkato

Aliyezoea hutumia herufi za kibodi, huku kipanya kikibaki kwenye mchoro. Katika mchoro wa saketi, A huongeza kijenzi, W huanzisha waya na R huzungusha kijenzi. Herufi M huhamisha kijenzi na kuziacha waya zake, lakini G hukiburuta pamoja nazo. Anayezichanganya anaweza kukata muunganisho, na kosa hilo likafika hadi kwenye bodi.

Tena, maana ya herufi hutegemea dirisha. X katika mchoro wa saketi hugeuza kijenzi kama taswira kwenye kioo. Katika bodi huanzisha njia ya shaba. Orodha kamili huonekana kwa kubonyeza Ctrl na F1 pamoja, na mtumiaji anaweza kubadilisha vitufe hivyo apendavyo.