Mkate wa Idi Rumonge: pishi la nyumba moja, viungo vya mipaka mingi

UKIFUATA barabara ya ziwani kutoka Bujumbura kwenda kusini, baada ya kilomita zipatazo 70 unaingia Rumonge, mji wa mawese, mukeke na Kiswahili. Kama ilivyo Kigoma na Uvira, hapa Kiswahili ni lugha ya soko na mwalo.

Mwambao huu una kidonda cha zamani. Mwaka 1972 maelfu ya wakazi wake walikimbilia Tanzania, wengi wakaishia Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliorudi baada ya zaidi ya miaka 30 walikuja na watoto waliozaliwa ugenini wakizungumza Kiswahili. Baadhi walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine.

Burundi imetumia maigizo kutibu majeraha ya namna hiyo. Mwaka 1997 Studio Ijambo ilianza kurusha mchezo wa redio, Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Kisa chake ni familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, wakati wa vita.

Kikundi kidogo cha maigizo kikiwaweka pamoja aliyebaki na aliyerudi, mazoezi huwafundisha kusema maneno ya upatanisho. Pishi la sikukuu huonyesha kama yamewaingia. Mapishi ya Idi hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na vipimo ni siri ya nyumba. Anayekutajia vipimo vyake amekuhesabu mtu wa ndani.

Chukua mkate wa kumimina wa watu wa pwani. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, uchuje, kisha uusage na kikombe kimoja na nusu cha tui zito hadi ulainike. Tia hamira kijiko kimoja cha chai na iliki nusu kijiko. Funika kwa saa moja hivi mpaka uumuke, ndipo utie sukari kikombe kimoja na ute wa yai moja. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto. Weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kwa dakika 30 hadi 40.

Mfanyabiashara ataona soko katika sufuria hiyo. Mchele hulimwa bonde la Imbo na sukari hutoka Moso, Burundi kwenyewe. Nazi na iliki huvuka kutoka Tanzania. Mawese ya Rumonge nayo yana wateja nje ya mji.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, omba cheti rahisi cha uasilia kwa maofisa wa forodha mpakani. Kinakuondolea ushuru wa forodha. Kodi nyingine na ukaguzi wa afya ya mimea hubaki palepale, hivyo uliza kabla ya kupakia.

Mwezi wa Idi hausubiri boti iliyochelewa. Peleka nazi mapema, na ukimpata mama wa Rumonge aliye tayari kukutajia vipimo vyake, viandike.