Upasuaji Ulikwisha, Maumivu Yakarudi

Hebu tumfikirie mama mmoja wa watoto watatu. Kwa miaka saba aliteswa na vidonda vya utumbo mpana: kuhara damu, kunyongwa na tumbo, kukonda mpaka nguo zikampwaya. Mwishowe madaktari waliuondoa utumbo ule wote, wakamtengenezea kifuko ndani ya tumbo. Akapona. Akarudi kazini, akapika, akalala usiku.

Mwaka wa pili mambo yakageuka. Sasa anaamka mara tano usiku kukimbilia chooni. Siku nyingine hafiki, na alfajiri anafua shuka kabla baba watoto hajaamka. Hamwambii mtu. Moyoni anajiuliza, "Nimekosa nini?"

Akina mama wenzetu, mtu kama huyu hakukosa lolote. Kifuko chake kimevimba. Ni ugonjwa unaojulikana, una matibabu yake, na katika miaka ya karibuni imepatikana dawa mpya kwa wale ambao dawa za kawaida zimewashinda. Mwezi huu tumeona vema tuuzungumze waziwazi.

KIFUKO HIKI NI NINI?

Zamani mtu aliyeondolewa utumbo mpana pamoja na puru alibaki na tundu tumboni maisha yake yote, na choo kilitokea hapo na kuingia katika mfuko wa plastiki. Mwaka 1978, katika hospitali ya St Mark's jijini London, madaktari Alan Parks na John Nicholls walitangaza njia nyingine. Walikunja sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, wakaishona iwe kifuko, kisha wakakiunganisha na njia ya haja kubwa. Hivyo mgonjwa aliweza kwenda choo kwa njia yake ya kawaida. Siku hizi kifuko hicho mara nyingi hukunjwa kwa umbo la herufi J.

Mwenye kifuko kizuri huenda choo mara tano au sita hivi kwa siku, tena bila kukimbia. Kwa aliyekuwa akienda mara ishirini na kutoa damu, hiyo ni nafuu kubwa.

KWA NINI KINAVIMBA?

Utumbo mwembamba haukuumbwa kukaa na choo kwa muda mrefu. Katika kifuko choo hukaa, na bakteria huongezeka. Inaelekea kwamba kwa watu wengine kinga ya mwili huwashambulia bakteria hao kwa ukali kupita kiasi, na ukuta wa kifuko ukawa mwekundu, ukavimba na kutoka vidonda. Karibu nusu ya waliotengenezewa kifuko kwa sababu ya vidonda vya utumbo mpana hupatwa na hali hii angalau mara moja. Haitokani na uchafu wa nyumba, wala na mama kutojitunza.

Dalili zake ni kwenda choo mara nyingi kuliko kawaida, haja kubana ghafla, tumbo kuuma kwa chini, choo kutoka bila kujua hasa usiku, na pengine homa.

DAWA ZA KWANZA

Daktari huanza na dawa za kuua bakteria, kama siprofloksasini au metronidazoli, kwa muda wa wiki mbili hivi. Wengi hupona kwa hizo. Lakini wapo ambao wiki nne hupita wakiwa kwenye dawa na dalili zipo palepale, au kila wakiacha vidonge ugonjwa hurudi. Hapo tunasema uvimbe umekuwa sugu.

Kumeza dawa hizo miezi na miezi kuna hasara zake. Metronidazoli ikitumika muda mrefu inaweza kutia ganzi miguuni, na siprofloksasini inaweza kudhuru kano, hasa ya kisigino. Kwa hiyo usijinunulie dukani na kuendelea kimya kimya. Daktari mzuri atapima choo na kuingiza kamera ndogo aone kifuko chenyewe, maana huenda tatizo ni jingine: maambukizo mengine, njia iliyobana, au ugonjwa wa Crohn.

DAWA ZA KIBIOLOJIA

Dawa hizi hazichanganywi kwa kemikali kama vidonge vingi. Hutengenezwa ndani ya chembe hai, nazo ni kingamwili zilizolengwa mahali maalumu. Zikimezwa tumbo huziyeyusha kama chakula, ndiyo maana hutolewa kwa dripu au sindano.

Iliyochunguzwa vizuri zaidi kwa ugonjwa huu ni vedolizumabu. Kazi yake ni kuzizuia chembe nyeupe fulani za damu zisiingie katika ukuta wa utumbo kuchochea uvimbe. Umoja wa Ulaya uliikubali kwa ugonjwa huu mwaka 2022. Dripu huchukua kama nusu saa: ya kwanza, ya pili baada ya wiki mbili, ya tatu wiki ya sita, halafu kila baada ya wiki nane.

Je, inasaidia kweli? Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 ulikuwa na wagonjwa 102. Nusu yao walipewa vedolizumabu, nusu dripu isiyo na dawa. Na wote walipewa siprofloksasini kwa wiki nne za kwanza. Kufikia wiki ya 14, wagonjwa 16 kati ya 51 waliopata dawa walikuwa wametulia, na watano tu kati ya 51 wa upande wa pili. Basi tusidanganyane: wengi hawakufikia utulivu huo. Lakini kwa aliyekwisha kata tamaa, nafasi moja katika tatu si kitu cha kudharau. Kama kufikia wiki ya 14 hakuna nafuu, daktari atafikiria kuiacha na kutafuta njia nyingine, kama infliksimabu. Na wapo ambao mwishowe hurudia mfuko wa nje. Hao nao hawakushindwa. Wengi hupata usingizi wao tena.

KABLA YA DRIPU

Dawa za namna hii hugusa kinga ya mwili. Lazima upimwe kifua kikuu kwanza, hata kama hukohoi, na homa ya ini pia. Mweleze daktari kama umewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu.

Ukipata mimba, usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani ugonjwa ukiwaka huweza kudhuru mimba. Nenda ukashauriane. Na hili lishike sana: baadhi ya dawa hizi, hasa infliksimabu, humfikia mtoto tumboni. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto mchanga aliyekufa baada ya kupewa chanjo ya BCG, mama yake akiwa ametumia infliksimabu wakati wa mimba. Kwetu Afrika Mashariki chanjo hiyo hutolewa mtoto akiisha kuzaliwa tu. Basi mwambie mkunga mapema, kabla ya kujifungua, ili daktari aamue icheleweshwe mpaka lini. Chanjo nyingine nyingi mtoto atapewa kama kawaida.

NYUMBANI

Andika kwa siku saba umekwenda choo mara ngapi, usiku mara ngapi, na kama kuna damu. Karatasi hiyo itakusaidia pale haya inapokuzuia kusema. Kunywa maji ya kutosha yenye chumvi na sukari kidogo, kwa kuwa huna tena utumbo mpana wa kuhifadhi maji. Tandika nailoni chini ya shuka.

Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu, mkeo akiamka usiku usigune. Muulize tu, "Leo vipi?" Msindikize siku ya dripu, au baki na watoto.

Nawe dada, shuka zile usizifue peke yako gizani. Mwambie mumeo leo, na wiki hii hii mwone daktari.